Maji na Amazi

Kazi ya Wivine ni kusikiliza watu waliochoka moyo. Kila asubuhi anafagia chumba chake kidogo kwenye kituo cha afya pale Majengo, anapanga viti viwili, kisha anaita mtu wa kwanza. Siku moja alikuwa mama Umwiza.

"Mutoto wangu Christa hasemi tena," Umwiza alianza. "Kwa robine, pale tunachotaka maji, aliita kwa Kinyarwanda, 'Mama, amazi!' Ni maji tu alitaja! Watu wakatupigia kelele kama wageni: murudi kwenu! Sasa hata ndani ya nyumba ananyamaza."

Wivine akamshika mkono. "Achana nao, mama. Hapa hatuangalii kabila. Sisi wote ni Wakongomani."

Alidhani amemtuliza. Wapi! Tangu hapo, kila akimuuliza, Umwiza anajibu, "Niko bien, niko muzuri tu," macho chini. Mwishowe akasema Ijumaa atakuja kuaga tu.

Wivine akamkimbilia Pascasie, mwenzake wa kazi, mzaliwa wa Rutshuru ambako Kinyarwanda kinasemwa pia, mama asiyezungusha maneno, akamweleza yote.

"Ulimufungia mulango," Pascasie akasema.

"Mimi? Nilimuambia maneno ya upendo!"

"Alikuonyesha kidonda, ukamuambia hakiko. Na anajua wewe ni wa kabila ingine, Munande. Anajiuliza kama unawaza sawa na wale wa robine."

"Nikigusa hayo, si nitamuumiza?"

"Ameisha kuumia. Omba musamaha, umuulize kama anataka kusema. Akikataa, usimulazimishe. Akisema, usitetee watu wako. Sikiliza."

Wivine aliona haya, lakini hakuwa mtu wa kukimbia kazi. Ijumaa, Umwiza alipoketi, akaanza moja kwa moja.

"Mama, uliniambia walivyokutukana, nikakukata maneno. Nilikosea. Mimi ni Munande, pengine unaogopa kuniambia. Unapenda tuyazungumuze?"

Umwiza akamkazia macho. "Na wewe, unasema kwetu ni wapi?"

Jibu lilimfika Wivine ulimini. Akalimeza. "Sema wewe, mama. Kwenu ni wapi?"

"Kibumba, inchi hii hii!" Umwiza akapiga meza. "Babu yangu alilima kabichi pale!" Akalia, akasema, akalia tena. "Na ni mimi nilimukataza Christa luga yetu. Nilimuziba kinywa mutoto wangu!"

"Na sasa?"

"Sasa basi. Simukatazi tena."

Haikuwa kazi ya siku moja. Umwiza aliendelea kuja, wakaendelea kuzungumza.

Asubuhi moja Wivine alikuwa kwa robine na bidoni yake ya kuchotea maji. Robine ikakoroma, ikatema maji.

"Mama, amazi!"

Sauti ya Christa. Watu kadhaa wakageuka. Umwiza akanyanyua bidoni zake, akajibu kwa sauti iliyofika barabarani: "Ndaje, mwana wanjye!" Nakuja, mwanangu!

Wivine akasogea, akasimama nyuma yao kwenye mstari.