Fulana Tisa za Duka la Mikate

Mimi ni fundi wa nguo, na mtaani kwetu naitwa Sindano. Jina hilo sikujipa. Wateja ndio walionipa, kwa sababu nikishona, hupitishi hata kucha kwenye mshono wangu. Wanasema pia kwamba ulimi wangu unachoma. Sikatai.

Kila asubuhi nafungua chumba cha mbele, nafuta vumbi kwenye cherehani, natia mafuta, halafu nakaa kungoja wateja. Zamani wao ndio walioningoja mimi. Siku hizi watu wengi wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Fundi anabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Zipu, zipu, zipu! Miaka ishirini na miwili ya ufundi, naishia kwenye zipu!

Katika chumba hichohicho hukaa mke wa mwanangu. Yeye kazi yake ni kuchora. Akipata karatasi anachora, akikosa karatasi anachora kwenye maboksi yangu ya nyuzi. Anachora ndege, majani, na mikono ya watu wakifanya kazi. Mwanangu ni fundi umeme. Akirudi jioni anakuta picha mpya ukutani, na anasimama kuitazama hata kabla ya kuvua viatu.

Siku moja mkwe wangu alisogeza kiti chake karibu na cherehani.

"Mama, nataka tufungue duka."

"Duka la nini?"

"La fulana zenye michoro yangu. Lakini duka lenyewe litakuwa mtandaoni."

"Na fulana ziko wapi?"

"Hazipo."

Nikasimamisha cherehani. "Hazipo?"

"Hazipo bado, mama. Mteja anaangalia michoro kwenye ukurasa wetu. Akipenda mmoja, anachagua rangi na saizi, analipa. Oda inakwenda kwenye karakana ya uchapaji. Wao wana fulana na mashine. Wanachapa hiyo moja tu aliyoagiza, wanaifunga, wanamtumia. Karakana inachukua sehemu yake, inayobaki ni yetu. Hatununui mzigo mkubwa ukalala stoo."

"Duka lisilo na nguo," nikasema. "Makubwa haya! Kesho utaniambia kuna hoteli isiyo na chakula."

Alicheka, lakini hakuondoka. "Na nataka duka liitwe Sindano."

Hapo mimi sikucheka. Sina shamba, sina gari. Nina jina. Nimelitafuta kwa macho yangu na kwa mgongo wangu.

"Ukiliweka jina langu pale," nikamwambia, "na fulana ikiwa mbovu, atakayesemwa si wewe. Ni mimi."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba kwanza."

Nikamtazama. Mtoto yule haogopi kazi, na hajawahi kunidanganya. Nikakubali, ila roho yangu ilikuwa juu juu.

Jioni mwanangu aliposikia, akaleta ushauri wake. "Wekeni nembo ya timu kubwa ya mpira. Mtauza mpaka mchoke!"

"Nembo ile ina wenyewe," mke wake akamjibu. "Kuiuza bila ruhusa yao ni wizi. Sisi tutauza michoro yangu."

"Basi niwekeni mimi."

"Akununue nani?" nikamuuliza. Tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Mkwe wangu akafungua ukurasa. Akaweka michoro minne. Wiki ya pili ikaja oda ambayo hatukuitegemea. Mwanamke mwenye duka la mikate alitaka fulana tisa kwa ajili ya wafanyakazi wake. Walikuwa wanafungua tawi jipya, na alitaka wavae siku hiyo. Aliupenda mchoro wa mikono inayokanda unga.

Mkwe wangu akamuuliza saizi. Yule mama hakuzijua. Akatuma picha ya wafanyakazi wote tisa, wamesimama mbele ya tanuri.

"Tumwombe awapime?" mkwe wangu akauliza.

"Kupima nini?" nikasema. "Miaka yote hii naangalia mabega ya watu. Lete hiyo simu." Nikaanza kugawa saizi kama mwalimu anayesahihisha mitihani. "Huyu M. Huyu S. Huyu bwana mkubwa, L. Andika. Jicho langu halikosei."

Mkwe wangu akaandika. Akaupiga mchoro wake picha kwa simu, akautuma karakana kwa meseji. Baadaye wakampigia kuuliza kama tungependa wachape fulana moja kwanza, tuione. Akaniuliza mimi.

"Ya nini kupoteza siku?" nikajibu. "Wachape zote."

Nitasema wazi: maneno hayo yalikuwa yangu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Siku tano baadaye mkwe wangu alikuwa ameketi dirishani, simu mkononi. Nikaona uso wake umebadilika.

"Kuna nini?"

"Mama wa mikate ameandika. Ameandika kwenye ukurasa, kila mtu anaona."

"Soma."

Akasoma kwa sauti ndogo. "Fulana zimefika. Mkandaji wangu mkuu ameingiza mkono mmoja, wa pili umegoma. Msichana wa kaunta amevaa yake, anaonekana kama amejifunika shuka. Mchoro una ukungu. Hatujui kama hii ni mikono au viazi. Sikutegemea haya kutoka kwa Sindano."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Viazi! Mimi, Sindano!

Mkwe wangu akaiweka simu chini. "Nitafunga ukurasa leo. Nimeliharibu jina lako, mama. Nisamehe."

Kuomba kwake msamaha kuliniuma kuliko yale malalamiko. Mtoto wa watu ananiomba radhi kwa kosa langu mwenyewe!

"Nani alisema jicho lake halikosei?" nikamuuliza.

Akainamia vidole vyake.

"Sema, usiogope."

"Ni wewe, mama."

"Na nani alisema wachape zote? Basi inuka. Vaa viatu, twende karakana."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye joto. Fulana zilipangwa kwenye rafu kwa rangi, nyeupe juu, nyeusi chini. Kulikuwa na harufu ya wino na ya pamba iliyopigwa pasi. Mchapaji mwenyewe alikuwa dada mmoja mwenye kucha zenye wino na penseli sikioni. Tulimweleza yote. Hakutucheka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, wewe ukimshonea mtu suti, unampa bila kumjaribisha?"

"Hata siku moja!"

"Sasa mbona hii fulana hukuijaribisha?"

Nikageuka kutazama rafu za fulana. Siku hiyo aliyechomwa nilikuwa mimi.

Dada mchapaji akafungua picha ya mchoro kwenye kompyuta. "Tuanze na hivi viazi," akasema, na mkwe wangu akatabasamu kidogo. "Picha hii ilikuja kwa meseji. Meseji huibana picha ili iende haraka. Kwenye kioo cha simu inaonekana safi, kwa sababu kioo ni kidogo. Ukiikuza ijae kifuani, inafifia. Hapo ndipo ukungu unapotoka."

"Sasa nifanyeje?" mkwe wangu akauliza.

"Niletee karatasi yenyewe, niipitishe kwenye skana. Au itume kwa barua pepe, faili kamili, bila kuipunguza. Na tutaondoa rangi ya karatasi nyuma ya mchoro, mikono ibaki peke yake. La sivyo inachapwa na kiraka cha mraba, kama hiki."

"Na kwenye fulana nyeusi?"

"Mistari yako ni ya kahawia. Juu ya nyeusi itapotea. Chagua rangi inayoonekana, au usiuze mchoro huo kwenye nyeusi."

Mkwe wangu alikuwa anaandika kila neno. Mimi nikauliza kuhusu saizi. Dada mchapaji akashusha fulana mbili, kila moja kutoka kiwanda chake, akazitandaza mezani.

"Zote mbili zimeandikwa M. Pima."

Tepu yangu ilikuwa shingoni kama kawaida. Nikapima kutoka kwapa hadi kwapa. Nikarudia, maana sikuamini. Moja ilizidi nyingine kwa sentimita tano nzima.

"Haiwezekani! Zote si M?"

"Kila kiwanda kina M yake, mama. Herufi haitoshi. Huenda wale watu uliwaona vizuri tu. Ila fulana zenyewe hukuzipima."

Basi nikavua saa yangu, nikakunja mikono ya blauzi, nikaingia kazini. Nilipima kila saizi ya fulana tulizokuwa tukiziuza: kifua, urefu kutoka begani hadi pindo, na mkono. Nikawa nataja, mkwe wangu anaandika. Tulichapa fulana moja ya majaribio, tukaenda nayo nyumbani. Tukaifua, tukaianika, tukaifua tena, mara tatu. Rangi haikutoka. Lakini urefu ulipungua sentimita mbili, na hilo nalo tukaliandika.

Vipimo vyote mkwe wangu akaviweka kwenye ukurasa, katika jedwali. Chini yake akaandika hivi: "Chukua fulana yako inayokukaa vizuri. Itandaze mezani. Ipime kama tulivyoonyesha kwenye picha. Linganisha na jedwali, ndipo uchague saizi." Mteja hahitaji fundi. Anahitaji tepu na meza.

Mama wa mikate hatukumwachia meseji tu. Mimi nilitaka kumweleza habari za viwanda na herufi. Mkwe wangu akanizuia.

"Mama, tumwambie tumekosea, na tumwambie lini atapata nyingine. Basi."

"Unanifundisha kuongea?"

"Leo tu, mama."

Nikameza maneno yangu, nikafuata ushauri wake. Tulikwenda dukani kwake siku iliyofuata ile ya karakana. Tukaomba radhi. Tukamwambia kwamba fulana tisa nyingine zitakuja kwa gharama yetu, siku mbili kabla ya tawi kufunguliwa, na kwamba kwanza ataletewa moja aikague. Akajifuta unga mikononi. Halafu akawaita wafanyakazi wake, wakapanga mstari, wote wamejaa unga hadi kwenye nyusi.

Nikawapima mmoja mmoja. Nilipofika kwa mkandaji mkuu, tepu ilizunguka mkono wake, ikaendelea kuzunguka.

"Baba, huu mkono au nguzo ya umeme?"

"Ni mkate, mama," akasema. "Miaka kumi na nane ya kukanda."

Duka zima likacheka, hata yule mwenye duka. Nilijua tumeanza kusamehewa.

Fulana ya kwanza ikafika, akaikagua, akaipitisha. Nane zikafuata. Siku ya kufungua tawi alituma picha: watu tisa mbele ya tanuri jipya, na kila fulana imekaa mahali pake. Mikono kwenye mchoro ilionekana vizuri hadi kwenye vifundo vya vidole.

Mwanangu akashauri tuyafute yale malalamiko ya kwanza.

"Hapana," nikasema. "Yaache. Tulikosea, watu waone tulivyosahihisha."

Mkwe wangu akajibu chini yake, akaeleza kosa na marekebisho. Kesho yake mama wa mikate naye akaandika: "Walikosea, wakaja wenyewe, wakanipimia watu wangu. Nitanunua tena." Baada ya hapo oda zikaanza kuingia. Walimu wa shule ya awali walitaka ndege. Madereva wa malori walitaka majani, msiniulize kwa nini. Kila mchoro mpya tunauchapa kwenye fulana moja kwanza, tunaifua, ndipo mchoro unapanda kwenye ukurasa. Mimi ndiye mkaguzi. Nimekwisha rudisha michoro miwili ya mkwe wangu, na yeye amekwisha yarudisha maneno yangu mara nyingi zaidi.

Sasa nisikilizeni lililotokea wiki iliyopita.

Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mbele yangu alisimama kijana mrefu nisiyemjua kabisa. Alikuwa amevaa fulana ya kijani, na mgongoni kulikuwa na ndege wa mkwe wangu. Mabega yamekaa. Urefu umekaa. Mkono wangu ukajiendea wenyewe, ukashika pindo.

Kijana akageuka, macho yamemtoka. "Mama, vipi?"

"Samahani, mwanangu. Naangalia mshono. Umeinunua wapi?"

"Mtandaoni, kwa watu wanaitwa Sindano. Wanakusumbua hao! Pima hiki, pima kile. Lakini sijawahi kupata nguo iliyonikaa hivi."

Moyo wangu ulijaa mpaka nikashindwa kumwambia mimi ni nani. Nilitoka kwenye foleni, nikaisahau dawa, nikampigia mkwe wangu simu.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimeona fulana yako hapa duka la dawa, imevaliwa na mtu nisiyemjua. Mabega yamekaa. Mchoro unang'aa. Mwanangu, kazi yako ni nzuri. Ni nzuri sana. Najivunia jina langu kuwa juu yake."

Alikuwa hajawahi kunisikia nikimwambia hivyo. Kwa kweli nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote hivyo. Nikasikia anavuta kamasi.

"Unalia?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Maana mimi nalia, na hapa watu wananitazama."