Yai la Kwapani

Magharibi ilikuwa inaingia nilipotoka kuanua nepi za mwanangu, zilizoganda kwa baridi. Nilipogeuka, taa za kijiji kizima zilikuwa zimezimika.

Yoan, wa miezi mitatu, alikuwa amelala. Nikakumbuka mayai.

Mjusi wangu wa kufuga, wa madoa, niliyemnunua mjini Sofia, alikuwa ametaga kwa mara ya kwanza. Mayai mawili. Nilikuwa nimeyaweka kwenye kisanduku cha joto na kuyatia alama ya penseli juu, maana yai la mjusi likigeuzwa, kitoto hufa. Sasa kisanduku kilikuwa kinapoa.

Mume wangu yuko Ujerumani, kazi za ujenzi. Nikambeba Yoan na kisanduku hadi kwa jirani, Bibi Rusana, mwenye jiko la kuni. Ndiye aliyeniletea supu siku zote arobaini za uzazi.

"Bibi, niwekee karibu na jiko."

"Uyachemshe, mjinga wewe? Ule na chumvi?" Akacheka. "Lete hapa."

Akafungua sweta. Akachukua yai moja, akalisukuma kwapani.

Harufu ikanipiga. Jasho la siku nyingi... na maziwa yaliyochacha. Nikageuza uso. Nikajilaumu. Nani mwingine angenifanyia hivi?

"Na la pili, Bibi?"

"Weka kifuani mwako." Akanong'ona, "Kwapa langu la pili lina mwenyewe."

Asubuhi umeme ulirudi. Akanirudishia yai, alama ya penseli palepale. Lakini yai la mjusi ni laini, hubonyea kama ngozi. Hili nililigonga kwa ukucha.

Tk.

Gumu kama la kuku.

Ningelitupa. Lakini wema wa mtu unautupaje? Nikalirudisha kisandukuni. Lile la kifuani mwangu lilioza, likatoa usaha wa njano. Lake likazidi kunenepa.

Siku ya arobaini tangu usiku ule nilipitiwa na usingizi wa alasiri. Nikahisi Yoan ananyonya. Mdomo wa baridi... mnyo, mnyo, mnyo... Nikanyoosha mkono nimpapase kichwa.

Hakukuwa na nywele.

Nikafumbua macho. Yoan alikuwa kitandani kwake, ng'ambo ya chumba, ananitazama.

Kifuani palikuwa na ute wa kijivu, unavutika kama kamasi. Kisandukuni, ganda tupu. Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, na bado nilinuka kwapa.

Yoan aliponyonya, hakupata kitu. Matiti yote mawili, makavu.

Maziwa ya kopo aliyatapika. Siku ya tatu hata kulia alikuwa hawezi. Ndipo Bibi Rusana akabisha hodi, na chupa ya vuguvugu mkononi.

"Mpe mtoto, mwanangu. Ni ya mbuzi."

Mbuzi wake pekee alikufa wakati wa mavuno ya zabibu. Nilimsaidia kumzika.

Nikadondosha tone ulimini mwangu. Mepesi, matamu. Mama hujua maziwa yake.

Nikamtazama Bibi. Chini ya sweta, makwapa yote mawili yalikuwa yamevimba. La kushoto likajigeuza, taratibu, kama mtoto aliyeshiba.

Yoan alikuwa tayari ameishika chupa kwa vidole vyote, anakunywa, rangi inamrudia mashavuni.

"Kesho nilete tena?" Bibi akauliza kwa upole.

Nilimpangusa Yoan maziwa mdomoni.

"Lete, Bibi. Asante."