Sinia Moja la Paka

Kila siku baada ya shule, kabla hata hajavua sare, Abuk alikuwa na kazi yake ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Alichukua sinia kuukuu la bati, lililobonyea upande mmoja, akatia mabaki ya ugali wa mtama na vichwa vya samaki, akalipeleka nyuma ya duka la mama yake. Kisha akasimama kungoja. Hakuna paka aliyeruhusiwa kugusa chakula mpaka wote wafike. Aliyetangulia kunyoosha mdomo alipata kofi jepesi la kisogoni pamoja na hotuba ndefu juu ya uroho.

Hotuba hiyo Abuk hakuitunga yeye. Aliisikia tangu utotoni kwa mama yake, Amou, aliyeingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Sudan Kusini akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Kwa Amou, watu walikula chombo kimoja, wageni kwa wenyeji, na mtu aliyejitenga na sahani yake alitazamwa kwa jicho la pembeni. Abuk alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliona kuwa jambo linalowafaa watu haliwezi kuwadhuru paka.

Paka wenyewe walikuwa kama mali ya mtaa mzima. Panya wa Kakuma hawana adabu. Hutoboa gunia la unga mchana kweupe huku mwenye duka akitazama. Ndiyo maana wenye maduka waliazimana paka kwa zamu. Kuach, paka jike wa madoadoa ambaye jina lake kwa Kidinka ni chui, alikuwa wa Amou, lakini leo alilinda duka hili na kesho la jirani. Kadogo alikuwa wa Mama Stéphanie, Mkongo aliyeuza maharagwe na mafuta ya mawese. Aliitwa Kadogo ingawa alikuwa dume mkubwa ajabu.

Kuach alikuwa na watoto wawili. Sindano alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, tumbo limetangulia mbele. Ndugu yake, Majivu, alikuwa mnene na mchangamfu, manyoya yanang'aa. Huyo Majivu ndiye ambaye Abuk alimpa rafiki yake Akuwam, Mturkana wa pale Kakuma mjini aliyesoma naye darasa moja. Nyanya yake Akuwam aliishi Lodwar, mtaa wa Nakwamekwi, na panya walikuwa wakimmaliza katika ghala lake la samaki wakavu. Paka wake mmoja alikuwa mzee na ameanza kuchoka.

"Nipatie yule mwenye afya," Akuwam alikuwa amesema. "Nyanya yangu hapendi kitu nusu nusu."

Abuk akamchagulia Majivu. Mjomba wa Akuwam akamsafirisha ndani ya katoni yenye matundu, na Abuk akajisikia mtu mwenye mkono wazi.

Siku kumi baadaye, Kadogo alianza kulala mchana kutwa. Hakula. Mama Stéphanie alimleta kifuani kama mtoto mchanga.

"Abuk, mutoto yangu, angalia. Siku tatu hakule. Na kinywa yake ilikuwa mwekundu, sasa iko mweupe."

Abuk alimfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Kwa bahati, Jumanne hiyo Lokiru, daktari wa mifugo kutoka Lodwar, alikuwa amekuja kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa. Alikaa chini ya turubai karibu na mfereji wa maji. Kazi yake kubwa ilikuwa mbuzi na ngamia, lakini alikuwa na vipimo vichache vya paka alivyopewa na daktari mwenzake wa Nairobi. Alimchoma Kadogo sindano ndogo, akadondosha tone la damu kwenye kipimo, wakangoja. Mistari miwili ikatokea.

"Hii ni leukemia ya paka," alisema polepole. "Ni virusi. Vinakula nguvu ya damu mpaka mwili ushindwe kujipigania. Anakula na paka gani?"

Abuk akajibu kwa fahari kidogo kwamba wote hula pamoja, sinia moja. Daktari Lokiru akakunja uso. Akaomba aletewe wote.

Hapo ndipo mambo yalipomchanganya Abuk kabisa. Sindano, aliyekonda mpaka watu wakamhurumia, alikutwa hana virusi. Alikuwa na minyoo tu, akapewa dawa. Kuach, mnene, mwindaji hodari, ambaye hata mafua hakuwahi kuugua, alitoa mistari miwili.

"Daktari, labda umebadilisha damu," Abuk alisema.

"Sijabadilisha. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Paka anaweza kukaa nao miaka na bado amenenepa. Unapitia kwenye mate: wanapokula chombo kimoja, wanapolambana, wanapoumana. Mama naye humpa mtoto."

"Eeh, daktari, inaweza kamata batoto yangu?" Mama Stéphanie aliuliza, tayari amemsogeza Kadogo mbali na kifua.

"Hapana, mama. Haumpati mtu, wala mbuzi, wala mbwa. Ni wa paka peke yao. Mshike tu." Akamgeukia Abuk. "Dawa ya kuumaliza hatuna. Ila kila paka apate bakuli lake, ulioshe kwa sabuni. Kuach akae ndani, asiazimwe tena, na asilale na mtoto wake. Nitarudi baada ya miezi miwili nipime upya, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Kuna mtoto mwingine?"

"Hapana," Abuk alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine nyuma yake, na alipotaka kulirudisha, daktari alikuwa ameshaanza kumchanja mbwa wa watu.

Siku mbili zilizofuata Abuk hakujua anaenda mbele au nyuma. Darasani aliulizwa mji mkuu wa Kaunti ya Turkana, akajibu, "Majivu." Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu naye akashindwa kujizuia. Alijaribu kujifariji kwamba Majivu alikuwa mnene, mzima. Halafu akamkumbuka Kuach. Akawaza kwamba akisema, nyanya atamtupa Majivu kwenye laga, ule mto mkavu, na Akuwam atamwona rafiki mbaya aliyempa zawadi ya ugonjwa. Asiposema, paka mzee wa nyanya atakula na Majivu, atalambwa na Majivu, na siku moja ufizi wake utakuwa mweupe. Kila upande ulikuwa na mtu wa kuumia.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua zaidi. Alikuwa ametenda wema. Aliwalisha pamoja kwa sababu ndivyo watu wema wanavyofanya. Ingewezekanaje wema huohuo uwe ndio uliowaletea paka ugonjwa?

Alhamisi jioni Kadogo alikufa. Mama Stéphanie alilia waziwazi, hakuona haya, na Abuk alimsaidia kumzika nyuma ya ua wa miiba. Aliporudi dukani alimkuta mama yake amesimama mbele ya mabakuli mawili, moja kila kona.

"Nani amewagawanya paka wangu kama watu waliogombana?" Amou aliuliza.

Abuk akaanza kueleza, akalia. Akasema yote: mate, mistari miwili, Majivu, na lile "hapana".

"Daktari alikuuliza, ukamwambia hakuna?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Sijui, Mama. Kweli sijui."

Amou angeweza kumgombeza, na Abuk alikuwa amejiandaa. Badala yake alifunga duka mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Vaa viatu. Twende kwa kina Akuwam."

"Afadhali niende Lodwar mwenyewe nikamchukue, kabla hawajajua."

"Utaenda na kibali gani cha kusafiri?" Amou alisema. "Sisi wa kambini tukitaka kutoka tunaandikiwa karatasi kwanza. Na hata ungekuwa nayo, nisingekupa nauli ya kwenda kuficha kitu. Tutasema kwa mdomo."

Akuwam alikuwa akiteka maji walipofika. "Ejok," alisalimu, kisha akaona uso wa rafiki yake na kuweka mtungi chini. Abuk alisema kila kitu kwa pumzi moja.

"Ulijua wakati unanipatia?" Akuwam aliuliza.

"Hapana. Nimejua Jumanne."

"Na leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

Akuwam akaingia ndani, akatoka na simu ya mama yake, akampigia nyanya. Waliongea Kiturkana kwa haraka, na Abuk hakushika ila jina la Majivu. Mwishowe Akuwam akamnyooshea simu. "Anataka wewe."

"Wewe ndio mwenye paka?" sauti ya nyanya ilikuwa nzito, haina haraka.

"Ndiyo, nyanya. Nisamehe. Amekula na paka wako?"

"Bado. Mimi mnyama mgeni haingii kwa wangu hivihivi. Hata mbuzi nikinunua, inakaa peke yake mpaka mwezi mpya uonekane. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo. Majivu iko kwa kibanda cha zamani, inakula kwa kikopo yake. Lakini mwezi unaonekana kesho. Kesho ningefungulia hiyo paka."

Abuk akakaa chini palepale, juu ya mtungi wa Akuwam, na maji yakamwagika yote. Akuwam akajaribu kubaki amekasirika, akashindwa, akacheka.

Usiku uleule Amou alimpigia daktari Lokiru, na kesho yake daktari akapita Nakwamekwi kwa nyanya. Paka mzee alikuwa salama. Majivu, mnene na mchangamfu vilevile, alitoa mistari miwili.

Miezi miwili ilipita. Abuk aliosha mabakuli kila siku mpaka vidole vikanyauka. Kuach hakuazimwa tena. Majirani walilalamika, naye Abuk akaenda duka hadi duka akawaeleza sababu, jambo lililomgharimu ujasiri mwingi. Daktari Lokiru aliporudi, Kuach bado alikuwa na virusi lakini alikula vizuri. Sindano, aliyekwisha kupona minyoo na kuota shavu, alipimwa mara ya pili na kukutwa hana kitu. Akachanjwa.

Ndani ya gari la daktari siku hiyo alikuwemo mgeni. Alikuwa mama mzee, shingo imejaa shanga, fimbo mkononi. Akuwam alimkimbilia. Nyanya alisalimiana na Amou, akakaribishwa kigoda dukani, akamwita Abuk asimame mbele yake. Abuk alisimama kama mtu anayengoja adhabu iliyochelewa.

"Nyanya, Majivu ulimtupa?"

"Kwa nini nitupe? Iko kwa ghala ya samaki, peke yake, mlango umefungwa. Panya wamehama. Ile mzee inalala kwa nyumba, hawaonani. Kutenga mnyama na kutupa mnyama si kitu moja."

"Lakini mimi nilidhani kuwatenga ni kuwachukia," Abuk alisema. "Na kuwalisha pamoja nilidhani ni wema. Sielewi nilikosea wapi."

"Kwa sinia hukukosea," Amou aliingilia kati. "Mimi ndiye niliyekufundisha, na mimi pia sikujua. Asiyejua hufundishwa, basi."

"Mama yako anasema kweli," nyanya alisema. "Kosa yako ilikuwa ile 'hapana'. Sikiliza. Kwetu, mtu akijua mbuzi yake inakohoa na akanyamaza, halafu akaileta kwa maji na za wengine, huyo tunamkataza kisima. Si kwa sababu mbuzi yake imegonjeka. Mbuzi ya kila mtu inagonjeka. Ni kwa sababu alijua. Lakini akikuja akasema, 'Jamani, yangu inakohoa,' tunakaa chini tunatafuta dawa pamoja. Wewe ulichelewa siku mbili. Siku tatu ingekuwa ile paka yangu ya miaka kumi."

"Nimeelewa, nyanya."

"Vizuri. Sasa nimekuja kuchukua paka ingine. Ile mzee inataka mwenzake wa kusaidia nyumbani."

Abuk alimtazama asielewe tena. "Kwangu? Si kuna paka wengi Lodwar?"

"Wako wengi sana," nyanya alisema. "Na kila mtu ataniambia yake ni mzima. Mimi nataka kwa mtu ambaye ikiwa mbaya atanipigia simu."

Daktari Lokiru aliinamisha kichwa kukubali: Sindano angekaa kando mpaka mwezi mpya, kisha ajiunge na yule mzee, mbali na ghala la Majivu. Abuk alienda nyuma ya duka, akamleta akiwa amemkumbatia. Alimweka kwenye mapaja ya nyanya, akarudi nyuma hatua moja, akasita, kisha akasema:

"Nyanya, huyu ni mzima, amepimwa mara mbili. Lakini lazima nikuambie. Anaiba samaki."