Aliyeitikia Chumba 412

Shuka za chumba 412 zilikuwa zimelowa. Si mkojo. Luzviminda, ambaye melini wote tulimwita Minda, alikuwa mhudumu wa vyumba mwaka wa kumi na moja na harufu ile aliijua. Haya yalikuwa maji ya baridi kali, na yalinuka mafuta ya zamani, kama taa iliyozimwa ndani ya chumba kilichofungwa. Akazivua, akatandika nyingine. Wageni wa meli zile za kitalii hawaulizwi kitu. Mtu kavuka nusu ya dunia kuja kutazama barafu akiwa ndani ya beseni la maji moto. Akitaka kulala na barafu yenyewe, kazi yako ni kubadilisha shuka.

Mwenye chumba, Bibi Vollmer, mjane wa Kijerumani aliyesafiri peke yake, alikuwa amesimama dirishani amempa mgongo. Kila asubuhi bibi huyu alimwita Minda "binti yangu" na kumuuliza habari za mwanawe aliyemwacha kwao Iloilo.

"Umelala salama, Madam?"

"Nipo."

"Nikuletee chai?"

"Nipo."

Minda akadhani ni bahari tu. Mawimbi yalikuwa makubwa, siku ile hakuna aliyeshushwa pwani, na nusu ya wageni walikuwa vitandani na mifuko ya kutapikia. Akaleta chai hata hivyo. Aliporudi saa nne kuchukua kikombe, bibi alikuwa palepale, hajasogeza hata mguu. Chai ilikuwa imeganda kikombeni, na hewa ya moto inavuma kutoka ukutani kama kawaida.

Saa sita, chini kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, alimsimulia mdogo wake Rogelio, baharia wa zamu ya ngazini. Alisimulia kwa utani.

"Bibi yangu wa 412 kageuka kasuku. Kila ukimsemesha, nipo."

Rogelio akaweka kijiko chini.

"Kasemaje?"

"We vipi? Nipo, nipo."

"Jana kanijibu hivyohivyo kwenye simu."

Pale ngazini, wageni wanapotokea na kuingilia, pana ubao wenye vibao vya namba, kila mgeni na chake. Ukishuka pwani unakigeuza kiwe chekundu, ukirudi unakigeuza kiwe cheupe. Ila wageni wakirudi wanakimbilia vikombe vyao vya chokoleti ya moto, wanasahau, na kila siku hubaki vibao viwili vitatu vyekundu. Sheria inasema baharia hageuzi kibao cha mtu ambaye hajamwona uso. Tuliofanya kazi huko tunajua sheria hiyo inavyofuatwa. Unapiga simu chumbani, unasikia sauti, unageuza.

"Ukungu ulikuwa umeshuka," Rogelio alisema chinichini. "Upepo unageuka, nahodha ananipigia kelele. Waongozaji wakasema kwa redio pwani hakuna mtu. Kimebaki kibao hamsini na saba, chake. Nikapiga, nikauliza, Madam upo? Akasema nipo. Nikageuza."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Wewe si umemwona leo?"

Minda alikuwa amemwona mgongo tu. Jana walishusha watu kwenye magofu ya wavua nyangumi, kwenye matangi ya mafuta yaliyoota kutu na makaburi manane yasiyo na majina. Meli ilikuwa imesafiri saa kumi usiku kucha tangu pale, kisha ikatia nanga kungoja bahari itulie.

"Nahodha aambiwe," alisema.

"Aambiwe nini? Kwamba mgeni wake yumo chumbani ila hanywi chai? Dada, usinimalize. Nikifukuzwa kwa kosa hili sipandi meli nyingine maisha yangu yote, na nitafikishwa mahakamani. Ngoja mpaka chakula cha jioni. Asipotokea, sema."

Huyu ndiye mdogo aliyekuwa amemlea yeye mwenyewe mgongoni tangu mama yao afariki. Minda akangoja. Alipiga deki vyumba kumi na vinne mchana ule na hakumbuki hata kimoja.

Chakula cha jioni kikaandaliwa, bibi hakutokea. Minda akapanda. Jua la huko majira yale halizami, ukumbi wote ulikuwa mweupe, na harufu ya mafuta ilimpokea ngazi mbili kabla hajafika mlangoni, akagonga, akaingia, akaona maji yametapakaa zuliani mpaka chini ya kitanda alichokitandika asubuhi, na bibi yuko dirishani na koti lake jekundu la pwani, akamwita, Madam, akaambiwa nipo, akasogea, akamwita tena, akaambiwa nipo, akasogea mpaka ubavuni ambako tangu asubuhi hakuwahi kufika, akamtazama usoni, na uso ulikuwa wa Bibi Vollmer kabisa, mikunjo ileile, ila kwenye kope palikuwa na theluji isiyoyeyuka, na kioo cha dirisha, kilichokuwa karibu na mdomo ule kiasi cha vidole viwili, hakikuwa na ukungu wowote.

"Bibi yuko wapi?" Minda aliuliza.

"Nipo," kile kitu kilisema, na mdomo haukufunguka.

Hakukimbia. Alitembea polepole mpaka jikoni kwa mpishi wetu Teban, mzee wa Siquijor, kisiwa cha waganga ambako hata maaskofu wakiugua hupeleka watu usiku kuuliza dawa. Teban alimsikiliza huku akikausha mikono.

"Hawa wasio kama sisi hawaingii bila nafasi, mwanangu," alisema. "Ndugu yako alikipa nafasi ya mtu. Arudishe kibao chekundu, kitatoka."

"Mjomba, kibao kikigeuzwa chekundu siku ambayo watu hawakushuka, king'ora hulia. Watajua."

"Ndiyo. Watajua."

Walimkuta Rogelio zamuni. Minda akanyoosha mkono ubaoni, Rogelio akaudaka.

"Dada, tafadhali."

Simu ya ukutani ikalia. Kwenye kioo chake paliandikwa 412. Ililia, ikalia, hakuna aliyeigusa, na harufu ya mafuta ikaanza kushuka kwenye ngazi, ikawajaa mdomoni. Kisha Rogelio akamwachia dada yake mkono, akakigeuza kibao yeye mwenyewe. Simu ikakatika. King'ora kikaanza, naye akachukua redio.

"Nahodha," alisema, "tumeacha mtu."

Chumba 412 kilikutwa kitupu na kikavu. Meli ikageuza kurudi kwenye magofu, ikasafiri saa kumi. Bibi Vollmer walimkuta ndani ya tangi moja la kutu, amekaa, ameegemea ukuta, miguu ameikunja ndani ya koti. Alikuwa ameingia kujikinga na upepo. Alikuwa amekufa.

Daktari alimwita Minda amsaidie kumvua nguo. Waliifanya kazi hiyo mpaka daktari alipoingiza mkono kwapani mwa maiti na kuuacha pale.

"Bado kuna uvuguvugu," alisema. "Hajafikisha hata saa tatu tangu afe."

Minda aliendelea kufungua vifungo. Tangu saa sita mchana, alipokubali kungoja, hadi saa moja jioni, king'ora kilipolia, ni saa saba. Alizihesabu mara moja tu.

Rogelio walikuwa wamemfungia chumbani kwake mpaka bandarini. Minda alimpelekea wali. Rogelio hakuugusa.

"Alikufa lini?" aliuliza.

"Juzi. Moyo ulisimama kabla hata hatujatoka ghubani."

"Daktari kasema?"

"Kasema mbele yangu."

"Kwa hiyo hata ningesema ile saa sita..."

"Hata ungesema."

Rogelio akaangusha kichwa begani kwake na kulia, kwa mara ya kwanza tangu yaanze. Minda alimpigapiga mgongo kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, na hakusikia chochote, wala uzito wa kile kichwa.