Kibati Kilichobaki Ukutani

Mama alitutuma tukaone mgodi aliofanyia kazi marehemu baba. Mji ule wa zamani wa dhahabu uko mwendo wa saa mbili kwa basi, na siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri.

"Mshike mkono mdogo wako, asije akateleza," aliniambia.

Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja. Mimi ndiye ninayemwogesha mama tangu macho yake yalipozima, mwaka wa sita sasa. Yeye huja mara mbili kwa mwaka na mfuko wa machungwa, na nyumba nzima inacheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona.

Tulifika jioni ikikaribia. Maduka yalikuwa yamefungwa, mabati yameliwa na kutu. Mlangoni mwa mgodi tulimkuta mlinzi, mchimbaji wa zamani. Alitupa kofia ngumu zenye taa, na kila mmoja kibati chenye namba akitundike kwenye msumari ukutani.

"Ukitoka, unakitoa. Usikisahau. Shimo halijui sura za watu, linajua vibati."

"Nikisahau nitaolewa humo humo?" mdogo wangu aliuliza.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hata yeye! Dakika mbili tu, na tayari kampenda.

Tulishuka. Harufu ya chuma na udongo mbichi. Matone... to... to... to.

"Dada," alininong'oneza, "mama anahamia kwangu mwezi ujao. Ameniomba mwenyewe. Alihofia kukuambia, usije ukaumia."

Nilihesabu hatua mpaka tukatoka.

Nje mvua ilikuwa imezidi. Alikimbilia kibarazani kumpigia mama simu. "Dada, nitolee na changu!"

Nilitoa changu. Chake nikakitazama. Namba kumi na saba.

Nikakiacha.

Sikumtakia kifo. Nilitaka tu, mara moja, yeye ndiye asahauliwe.

Halafu, kutoka shimoni...

"Dada?"

Niligeuka. Mdogo wangu alikuwa kibarazani, simu sikioni, midomo imefumbwa.

"Dada... taa yangu imezima."

Mlinzi naye alisikia. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Rudi umtoe," alinong'ona. "Sasa hivi, kabla sijafunga geti. Mimi hatanifuata. Hufuata damu yake tu."

"Lakini si yule pale?"

"Yule simjui, mama."

Niliufikiria mwezi ujao. Kitanda cha mama kitupu. Beseni limetundikwa ukutani, na mimi sina wa kumchemshia maji.

"Dada, ni giza huku..."

"Tutachelewa basi," nikasema.

Nilimshika mkono yule wa kibarazani. Alikuwa amesimama chini ya paa, lakini mkono wake ulikuwa umelowa, baridi kama jiwe la kisimani. Nyuma yetu geti lilifungwa.

Nyumbani mama alimpapasa uso, akarudisha vidole vyake haraka.

"Umeniletea nani?"

Ni wiki ya tatu sasa. Yule hali, hacheki. Hukaa jikoni akinitazama, na pale anapokaa sakafu haikauki. Mama hazungumzii tena kuhama. Kutwa nzima ameng'ang'ania mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Usiniache na huyo," ananong'ona. "Wewe ndiye mwanangu. Sina mwingine."

Nimengoja maneno hayo maisha yangu yote.

Kila asubuhi navaa viatu niende kupanda basi la kwenda mgodini. Kila asubuhi mama ananiita kabla sijafika mlangoni.

Nami navua viatu.