Mvuke wa Fundi Saa

Fundi saa alijivunia mkono wake. Skrubu ndogo kuliko punje ya mtama aliishika kwa kibano, akaitia mahali pake bila kutikisika. Sigara alikuwa ameziacha, maana jivu lilidondokea ndani ya saa za watu. Akanunua sigara ya umeme. Alimwambia mkewe kwamba haina jivu, ni mvuke mtupu.

Zamani alitoka nje kuvuta, na sigara ikiisha alirudi kazini. Hii haikuwa na mwisho. Ilikaa mezani kando ya kibano, akawa anaivuta kutwa. Betri yake ikiisha, aligeuka mkali kama pilipili, na mkono ukamtetemeka. Ikafika siku skrubu ndogo anazitia mkewe, yeye amekaa pembeni akielekeza.

Asubuhi moja shemeji yake, muuguzi, alileta saa yake itiwe betri. Akamwona fundi anavuta. Akautazama mshale wa sekunde wa saa ya ukutani.

"Sekunde kumi na tano," akasema. "Nikotini imeshafika ubongoni, shemeji."

"Nikotini gani? Huu si mvuke?"

"Mvuke ni wa birika la chai."

Akamweleza taratibu. Kifaa kile huchemsha kimiminika chenye nikotini. Mtu akivuta, nikotini huingia mapafuni, hupenya kwenye damu, na damu huifikisha kichwani. Huko huuamsha ubongo utoe kemikali ya raha. Raha yenyewe haikawii kuisha. Ubongo uliozoea hudai tena, na ukinyimwa, mwili hukosa utulivu.

Fundi akautazama mkono wake. "Basi si uzee?"

"Uzee wapi. Mkono wako umeajiriwa kwingine."

Mkewe alicheka. Fundi hakucheka.

Kesho yake alikwenda kliniki, akapewa ushauri na dawa ya kumsaidia kuacha. Wiki ya kwanza aligombana hata na kinyozi jirani, kisha akaenda kumwomba radhi. Hamu ilipomjia, alitoka akatembea. Akagundua kwamba ukiisubiri dakika chache, hupungua.

Miezi miwili baadaye, mteja alileta saa ndogo ya marehemu mama yake. Mke akavuta kiti, akae mezani.

"Leo nishikie taa tu, mama watoto," fundi akasema.

Akainama. Skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Kwenye ya tatu, mwanga ukaanza kucheza juu ya meza.

"Tulia," akamwambia mkewe. "Sasa unatetemeka wewe."