Barua ya Tatu

Walikutana nje ya mahakama, kwenye foleni ya mashine ya kutoa nakala, watu wakikanyagana. Msichana aliitwa Vidole kwa wepesi wake wa kuchapa. Gauni la kijani, wino kwenye kidole gumba. Nyuma yake kijana wa shati jeupe lililokosa kifungo.

"Dada, unachapa nini?"

"Barua za waliotiwa hatiani. Wanamwambia hakimu wanajuta. Na wewe?"

"Mimi mhadhiri. Nachunguza hayo majuto. Hakimu atajuaje kama ni ya kweli au yametungwa?"

"Kumbe hiyo nayo ni kazi!"

Wakacheka. Miezi minne simu hazikupoa.

"Umekula, laazizi?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Muongo mkubwa wewe!"

Vidole akamwamini hata akampa nakala ya barua ya majuto aliyoiandika kwa niaba ya kaka yake, dereva aliyemgonga mtu. Aliiandika huku analia.

Siku moja alikwenda chuoni kumsikiliza, na viatu vipya, akakaa nyuma kabisa. Mhadhiri akaisoma barua ileile mbele ya darasa zima.

"Majuto ya kutungwa ndiyo haya," akasema. "Mwandishi hodari, lakini siye aliyekosa."

Wanafunzi wakacheka. Viatu vikambana ghafla. Akatoka.

Mhadhiri akaleta barua ya kuomba radhi: kurasa nne, na marejeo ya vitabu kumi na kimoja! Vidole akasonya, akairudisha. Ya pili ilisema, "Ikiwa uliumia." Vidole akampigia simu.

"Ikiwa? Ikiwa, baba? Na wewe ndiye mtaalamu wa majuto!"

"Nielekeze basi, laazizi."

"Wezi nimewaandikia wakahurumiwa. Wewe umenishinda!" Akakata.

Wiki nzima alichapa kwa hasira, akikosea hata tarehe. Ijumaa, mteja wa mwisho kwenye benchi alikuwa Mhadhiri, shati lilelile, kifungo bado.

"Nataka barua."

"Umekosa nini?" Ndivyo alivyowauliza wote.

"Nilichukua machozi ya mtu nikayafundishia. Sikumuuliza. Nilitaka nionekane hodari."

Vidole vyake vikasimama juu ya mashine ya kuchapa.

"Hiyo siichapi. Andika mwenyewe." Akamsukumia karatasi.

Akaandika, akachana, akaandika tena. Mistari miwili tu. Vidole akaisoma, akajifuta jicho kwa kiganja, bado amenuna.

"Jumatatu ukaisome darasani. Mbele ya walewale waliocheka."

Mhadhiri akaikunja karatasi. "Utakuja?"

"Nitakaa mbele," akasema. "Ila na viatu vyangu vya zamani."